Herufi Kubwa na Nukta

Binti yetu ni muuguzi ng'ambo. Mtoto wake angebatizwa Jumapili, saa tano asubuhi kwa saa zetu, na kanisa lao lingeonyesha ibada kwenye intaneti. Simu yangu ni ya vitufe. Mke wangu ana mtoto wa jicho, huona tu kilicho kikubwa na karibu. Tumaini letu lilikuwa kompyuta ya mezani aliyotuachia binti, inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux. Lakini tangu iwekwe Linux upya, haikuona wifi kabisa.

Ijumaa jirani yetu, mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja hapa Nakuru, alikuja kuitazama.

"Kadi ya wifi iko, mzee. Ni dereva tu haina."

"Dereva?"

"Programu ya kuiendesha. Inapatikana kwa intaneti."

"Kwa hiyo nipate intaneti kwanza, ndipo nipate intaneti?"

"Karibu Linux, mzee."

Jumamosi aliniletea flashi yenye hiyo dereva, na karatasi yenye mstari mmoja wa kuandika, kisha akaenda mazishini Kuresoi. Kabla hajaondoka nilimwuliza neno la kwanza la mstari huo, *sudo*, ni nini. Akasema ni kuomba ruhusa ya mwenye nyumba. Nililipenda neno hilo.

Niliandika. Kompyuta ikajibu kwamba haijui amri hiyo. Nikarudia mara tatu, nikaomba, nikarudia tena.

Jumapili nilisali ibada ya kwanza, nikafika nyumbani saa nne. Mke wangu alikuwa ameshavaa kitambaa chake cha kanisa na kuketi mbele ya kioo cheusi cha kompyuta.

"Baba, umeisoma vizuri hiyo karatasi?"

"Nimeisoma hata nimeisahihisha."

"Umemsahihisha mwalimu?"

Hapo nikaitazama tena karatasi. Baba yangu, mtu wa reli pale Longonot, alinichapa kwa kila nukta niliyosahau, nami nikawafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, hivyo hivyo miaka mingi. Kwa kalamu nyekundu nilikuwa nimeipa *sudo* herufi kubwa, na mwisho wa mstari nikatia nukta, nikidhani walimu wa siku hizi ni wazembe.

Niliandika upya kama alivyoandika mwalimu. Ikaniuliza nenosiri, na nilipoliandika hakikuonekana chochote, hata nyota moja. Nikawaza juu ya sala ya chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Nikabonyeza. Maneno yakatiririka. Nikaizima, nikaiwasha, na jina la wifi yetu likajitokeza.

Ibada ilipoanza kuonekana, mke wangu alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Maji yalipomwagwa, mtoto alipiga kelele. "Ana sauti ya mama yake," akasema, akalia.

Jioni mwalimu alikuja kuchukua flashi, akaiona karatasi.

"Mzee, kumbe umenisahihisha! Nimepata ngapi?"

"Zote," nikamwambia. "Aliyeanguka ni msahihishaji."