Mchi Nyuma ya Kitanda

Nyumba yetu ya udongo hapa Garsen ina mlango mmoja. Wa pili ni mchi. Mama huuweka nyuma ya kitanda chake tangu mwaka ule mto ulipotuingilia kule Kilelengwani. Maji yaliubana mlango ukakataa kufunguka, mama akachukua mchi wa kutwangia, akabomoa ukuta wa nyuma na kutupitisha mimi na dada yangu kwenye tundu. Dada ana kovu la ufito begani mpaka leo. Mimi nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni matope mdomoni, na mama akinitukana nitoke haraka.

Naanza na hilo kwa sababu nikianza na boti, nitaonekana nasimulia mambo ya Wazungu.

Dada alipata kazi kwenye boti ya wazamiaji. Si zile za kwenda asubuhi na kurudi mchana. Hii wageni hulala humo wiki nzima: wanazama miambani, wanapanda, wanakula, wanazama tena. Mjomba wetu, anayeipelekea boti ile mboga na maji kutoka Kipini, ndiye aliyemtafutia nafasi. Dada alianza jikoni. Baadaye nahodha akaona ana uso mzuri na sauti ya kusikika, akampandisha awe anawaeleza wageni mambo ya usalama, kwa Kiingereza. Alipokuja likizo alikuwa na maneno hayo nusu nusu kichwani, na mwalimu wake nikawa mimi, wa kidato cha tatu, mtu ambaye nikiulizwa swali darasani naangalia dawati mpaka mwalimu achoke.

Basi nyumba ikawa boti. Mama akakalia ndoo, akawa Mzungu. Mjomba akajitupa kitandani na viatu vyake, akasema yeye ni mgeni aliyelipa.

Dada akatukaribisha. Akaonyesha maboya ya kujiokolea, yaani mito ya mama. Akaonyesha ngazi, yaani mlango. Alipofika kwenye emajensi eksiti, akakwama.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia, akakwama palepale.

"Huo ni ulimi wa kambare," mjomba akasema. "Utie chumvi."

"Kwani hiyo eksiti ni nini?" mama akauliza.

"Mlango wa kukimbilia, moto ukishika," nikamwambia.

"Ah! Basi wetu uko nyuma ya kitanda," mama akasema, na mjomba akacheka mpaka akaanguka. Dada naye alicheka, ila alicheka kidogo.

Mimi nilidhani ni Kiingereza kinamshinda. Jioni tulikuwa nje tunaosha vyombo, kando ya nyumba mpya. Nyumba mpya ni ya bloki. Ilikuwa inajengwa kwa mshahara wa dada, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa kifua changu. Nikamkatia lile neno vipande vipande ili alimeze.

"Wacha," akasema. "Neno nalijua. Huo mlango haufunguki."

Akanieleza. Wageni hulala chini, tumboni mwa boti. Njia ya kutoka ni ngazi inayopandia sebuleni. Ya pili ni kifuniko kilicho juu ya kitanda cha mwisho. Unakisukuma, unatokea nje. Lakini juu ya kifuniko hicho wamefunga raki ya mitungi ya hewa kwa bolti, kwa kuwa pale raki ilipokuwa zamani pamewekwa viti vya wageni kuota jua. Na sebuleni, palepale juu ya ngazi, ndipo tochi na kamera za wageni zinapochajiwa usiku kucha, waya juu ya waya, kwenye makochi ya sponji; moto ukianzia pale, ngazi haipitiki. Hakuna anayekesha. Baharia anayetakiwa kulinda huwa amebeba mitungi tangu alfajiri, naye analala kama wengine.

"Na nyinyi wafanyakazi?"

"Chini vilevile. Ngazi hiyohiyo."

"Nahodha umemwambia?"

"Nimemwambia. Akasema boti imekaguliwa, ina karatasi. Mimi kazi yangu ninyooshe mkono na kutabasamu." Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilishatakata. "Mle ndani ni plastiki ngumu. Hakuna ukuta wa kubomoa."

Nilikuwa natazama upande wa ukuta ambao ungekuwa chumba changu.

Alirudi kazini, na safari hiyo ikawa ya mwisho. Alitusimulia mwenyewe, amekaa mlangoni na begi lake. Wageni walikuwa wamepangwa sebuleni na juisi zao. Akaonyesha maboya, akaonyesha ngazi. Alipofika pale pa kukwama, hakukwama. Akasema, "Kuna mlango wa pili, lakini haufunguki. Tumeweka mitungi juu yake."

"Wakasemaje?" mama akauliza.

"Wakacheka. Walidhani nawatania. Nahodha naye akacheka nao. Bibi mmoja tu ndiye aliyeshuka kukisukuma kifuniko. Aliporudi hakuwa anacheka, lakini alikaa akamaliza juisi yake."

Mjomba alipoenda kupeleka mboga, nahodha alimrudishia dada pamoja na makreti matupu, kazi imekwisha. Boti ikaendelea na safari. Yule bibi alimpungia mkono.

"Umeniaibisha," mjomba akasema. "Sasa mboga zangu nikamuuzie nani?"

"Mjomba, mle wanalala watu."

"Wamelala miaka! Imeungua? Niambie, imeungua?"

"Bado."

"Bado! Msikieni huyu! Anailogea boti ya watu moto!"

Mama alikuwa anaangalia bloki nje. "Ungeyasema tu kama walivyotaka, mwanangu," akasema. "Ni maneno tu."

Dada alimtazama mama, kisha kitanda chake. Mchi ulikuwa umechungulia nyuma yake.

Siku hizi dada anauza mahamri sokoni. Mjomba alieneza habari, na vijana wa bodaboda wamempa jina. "Haufunguki, mambo?" wanampigia kelele. "Haufunguki, nifungulie mbili na chai!" Anawafungia mahamri kwenye gazeti. Kuta za bloki hazijapanda. Mimi ndiye nimepanda, sasa zinanifikia chini ya kifua, na mbuzi wa jirani wanalala chumbani kwangu.

Juzi akaja msichana wa jirani, niliyesoma naye msingi. Kazi ya dada amepewa yeye. Akasimama katikati ya bloki, akawafukuza mbuzi, akaanza kukaribisha wageni hewani.

"Aki nisaidie hapa tu," akaniambia. "Emajensi eksiti. Nakwama."

"Haufunguki," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Si najua. Mjomba wako aliniambia. Wee nifundishe kulitamka tu."

Dada alikuwa ndani anakanda unga. Akasema bila kutoka, "Mfundishe. Halafu mwambie alale juu, nje, hata mvua ikinyesha."

"Wafanyakazi hawaruhusiwi kulala juu, dada," msichana akajibu. "Wageni wakiamka watatuona."

Nikasikia unga ukipigwa kwenye meza.

Nikamfundisha. Neno alilishika upesi kuliko dada. Akanyoosha mkono kuelekea pale ambapo dirisha langu lingekuwa, akalitamka vizuri, akatabasamu.