Punje Yenye Alama za Meno

Cheka ukitaka. Darasa zima lilishacheka na habari haikubadilika: haya yalinipata mimi, nikiwa macho, jua halijazama, huko Ijumbi kwa bibi yangu.

Nilikuwa natengeneza programu ya simu ya huduma ya kwanza. Unagusa picha, inakuambia la kufanya. Kuungua, kuvunjika, kuumwa na nyoka, vyote nilivimaliza nyumbani Kashai. Kwenye kupaliwa niliweka mzaha tu pasibaki wazi: "Mpe maji. Akigoma, mpe ndizi." Si ndivyo tunavyofanya wote?

Mvua ikanikuta kibanjani, shambani kwa bibi, nikajibanza kwenye migomba na simu yangu. Akaja mama mmoja nisiyemjua, ana kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni. Akanipa punje. Niamini, mvua yote ile, nguo zake zilikuwa kavu.

"Hapo kwenye kupaliwa, futa," akasema. "Mwanangu walimpa maji."

Nani alimwambia nimeandika nini?

"Kwani mama, wewe ni mwalimu wa kompyuta?" Mdomo wangu huo, hauna breki.

Hakucheka. Akaniinamisha, akanipiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega, mara tano. Baridi ikapenya hadi kifuani. "Hivyo. Kisipotoka, mkumbatie kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani ukipandisha. Andika."

Nikaandika. Kuinua macho, migomba mitupu. Na punje mkononi mwangu ilikuwa na alama za meno. Meno madogo, ya mtoto.

Nilikimbia hadi nyumbani kwa bibi nikakuta mgeni, kahawa inazungushwa. Hata sijahema, Koku, binti mdogo wa mjomba, akashika koo. Alikuwa ameiba punje. Hakohoi, halii. Mjomba akadaka kikombe cha maji.

"Usimpe!"

"We mtoto, koma!"

Nikamsukuma mjomba, ndiyo, mbele ya mgeni, nikamwinamisha Koku. Pigo la nne, punje ikaruka ikatua kwenye paja la mgeni. Koku akaangua kilio. Kilio kitamu!

Nilipomweleza bibi nani kanifundisha, akakaa chini. Akasema mama yule alizikwa kwenye kibanja kilekile zamani, muda mfupi baada ya mwanawe kupaliwa na kahawa.

"Waitu, mjukuu wangu, kifute hicho kitu. Kimeandikwa na mfu."

Mjomba naye akataka mchungaji aje aiombee simu.

Aje. Aombe mpaka chaji iishe. Sifuti hata herufi. Mfu ndiye aliyesema kweli; walio hai walikuwa wameshika kikombe.

Mpaka leo katikati ya mabega yangu pana kiganja cha baridi, hata niote moto wa jikoni kutwa. Kikae tu, nimeshakizoea.

Nawe unayesoma, kahawa iweke mbali na watoto. Na siku mtu akipaliwa mbele yako ukakimbilia maji, tazama kwanza mlangoni. Ukimwona mama amesimama kwenye mvua na nguo kavu, weka kikombe chini.