Kibuyu Mapajani mwa Bibi

Harufu ya samli ikipanda jikoni, wivu wangu wa utotoni huamka. Bibi, aliyenilea mgongoni, uzeeni alianza kusahau watu. Kila jioni alitaka kwenda kwao kukamua ng'ombe wa baba yake. Mama hakumbishia hata siku moja. Alimwekea mapajani kibuyu cha maziwa: "Mama, tusukie siagi ya samli kwanza." Naye akatulia, akikisukasuka.

Jioni moja nikamsikia akikibembeleza kibuyu kwa jina langu. Jina langu mimi!

"Bibi, mimi niko hapa."

Akanitazama kama mgeni. "Punguza sauti, mtoto wa watu. Mjukuu wangu amelala."

Nikamgeukia mama anitetee. Akaweka kidole mdomoni.

Nikatoka nikinyata, nikikionea kijicho kibuyu kilicholala usingizi wangu.