Tulimtoa mfungaji wetu Furaha tukachukua kipa, na mpaka leo tunabishana

Wakuu, nawasalimu mlioko nyumbani na wenzangu mnaoganda na baridi huku ughaibuni.

Hii ni stori yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika nitakutana nao Jumamosi. Mengine yote nayaandika kama yalivyotokea, hata yale yanayoniaibisha.

Niko London, upande wa Hounslow. Kazi yangu ni cargo pale airport, ila Jumamosi zangu ni za hockey.

Siyo ile ya kwenye barafu, nasema mapema kabla hamjaanza maswali. Ni mpira wa magongo wa kawaida, niliojifunza sekondari Moshi kwenye uwanja wa vumbi tupu. Huku mimi ni meneja wa timu ya wanawake ya klabu moja ndogo. Meneja ni jina tu. Kazi yenyewe ni kuendesha gari, kubeba koni na kuwakumbusha watu wafue jezi.

Kocha wetu ni Mzee Harbans, Singasinga aliyezaliwa Arusha. Kiswahili chake kinawashinda watoto wangu wote watatu, Salma na wadogo zake. Hao nikiwasalimia kwa Kiswahili wananijibu "I'm fine, Dad".

Sasa tuje kwa Furaha.

Furaha alifika klabuni akiwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake ni Mkongomani wa Bukavu, anafanya kazi ya care, kutunza wazee, na shift zake nyingi ni za weekend. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namchukua na kumrudisha. Miaka minane, wakuu. Alianza kiti cha nyuma, amekumbatia begi lake, akaja kuhamia kiti cha mbele na kuanza kunichagulia redio.

Namjua kama mwanangu. Kabla ya mechi hataki kuongeleshwa. Baada ya mechi hanyamazi. Anaimba vibaya sana na hajui kama anaimba vibaya.

Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa mshambuliaji wetu bora kuliko wote. Akipata mpira ndani ya duara, lile eneo la mbele ya goli, sisi wa pembeni tulikuwa tunaanza kushangilia hata kabla hajapiga.

Shida ikaja kwa kipa. Kipa wetu aliolewa akahamia Australia, msimu ndio kwanza unaanza. Tukamvalisha beki mmoja yale mapedi ya kipa, maskini ya Mungu, akawa anaufumbia macho kila mpira. Furaha akifunga mawili, sisi tunafungwa matano.

Kuna klabu ya upande wa Harrow, tuko nayo ligi moja. Wao walikuwa na makipa wawili wazuri lakini hawana wa kufunga. Kocha wao ni rafiki wa Mzee Harbans wa siku nyingi.

Tukakutana watatu nyumbani kwa huyo kocha, tukanywa chai. Kabla kikombe changu hakijapoa, jambo lilikuwa limeshakwisha. Furaha aende Harrow, kipa wao wa pili, binti anaitwa Hetal, aje kwetu.

Hapa nieleze kidogo. Ligi yetu ni ya watu wanaocheza kwa mapenzi. Hakuna mkataba wala nini. Mchezaji akisema sitaki, hakuna wa kumlazimisha. Maana yake tulipaswa kuwauliza wenyewe kwanza.

Hatukuuliza.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwambia Furaha. Nikasema nitamwambia Jumanne, kwenye gari. Jumanne akawa anacheka sana, nikashindwa. Nikajiambia Alhamisi.

Jumatano kocha wa Harrow akaandika kwenye group lao la WhatsApp, "Tunamkaribisha Furaha." Rafiki yake mmoja akapiga screenshot akamtumia. Ilimkuta kwenye basi akitoka chuo.

Alhamisi hakuningoja nimpitie. Alikuja mazoezini mwenyewe, akaweka jezi zetu kwenye benchi. Zimepigwa pasi, zimekunjwa vizuri.

Akaniangalia akasema, "You swapped me, uncle. Kama simu."

Ile "kama simu" aliisema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili huwa anakisikia tu na kujibu Kiingereza. Nadhani alitaka nisijifanye sikuelewa.

Nikamwambia ngoja basi nikurudishe nyumbani. Akasema asante, atapanda basi.

Jumapili mama yake akaja kwangu moja kwa moja kutoka kanisani, na nguo za kwaya mwilini. Hakukubali kukaa. Alisimama pale mlangoni.

"Baba Salma, miaka munane nilikuachia mutoto yangu. Sikukuuliza hata siku moja unamupeleka wapi. Weye ulishindwa kumuuliza yeye neno moja?"

Mke wangu alikuwa nyuma yangu anasikia. Mama Furaha alipoondoka, yeye akaniuliza, "Ingekuwa Salma wetu je?"

Klabuni kukawaka. Nusu wakasema tumemtupa mtoto wetu tuliyemlea. Nusu wakasema timu haiwezi kuishi bila kipa. Mzee Harbans alikaza. "Timu ni watu kumi na moja," alikuwa anasema, "siyo mmoja." Nilimtetea mbele za watu, kwa sababu na mimi nilikuwepo kwenye ile chai.

Furaha akaenda Harrow. Hakukataa. Mimi nikajifariji kwamba basi, karidhika.

Na Hetal akaja kwetu. Wakuu, tulitaka kumchukia yule binti, tukashindwa. Mpole, anaongea kwa sauti ya chini, kila mazoezi anakuja na vitafunwa alivyotengeneza bibi yake aliyezaliwa Kisumu. Golini sasa ndio usiseme! Mpira ungeweza kuja popote, yupo.

Tukaanza kupata pointi. Ubishi ukazidi, maana kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Furaha alikuwa anafunga kule, Hetal alikuwa anaokoa huku.

Mechi ya mwisho ya msimu tukapangiwa Harrow, kwetu. Tukishinda tunabaki kwenye ligi. Tukitoka sare au tukifungwa, tunashuka.

Tulipata bao moja mapema. Halafu ikawa ni kujihami tu. Zimebaki sekunde chache, beki wetu akauzuia mpira kwa mguu mbele ya goli, na kwenye hockey mguu ni kosa. Refa akapuliza. Penalti.

Aliyekuja kupiga ni Furaha.

Hebu wazeni. Mtoto tuliyemtoa, na kipa tuliyempata kwa kumtoa, wanatazamana hatua chache. Mama Furaha alikuwa pembeni, siku hiyo aliomba ruhusa kazini. Mzee Harbans alikuwa ameshika gongo la akiba kama anataka kulivunja.

Na mimi, nawaambia ukweli, sikujua niombe nini.

Furaha akasukuma mpira kulia, juu kidogo, pale pale anapopenda. Hetal akaruka. Mpira ukamgonga mkono ukatoka nje.

Refa akapuliza filimbi ya mwisho, wachezaji wetu wakamwangukia Hetal kwa furaha. Tulikuwa tumebaki ligini. Mimi nilikuwa namwangalia yule mwingine, amesimama peke yake, gongo limelala chini.

Desturi ya hockey huku, mwenyeji anawalisha wageni baada ya mechi. Siku hiyo mke wangu alikuwa amepika pilau. Furaha aliingia wa mwisho, akakaa kwenye kona na sahani tupu.

Mzee Harbans akavuta kiti akakaa mbele yake. Mimi nikasimama nyuma ya mzee kama mtuhumiwa wa pili.

"Furaha, binti yangu," akasema. "Sisi tulikosea. Tulipanga mambo yako bila wewe. Nisamehe."

Sijawahi kumsikia yule mzee akiomba msamaha, hata kwa refa.

Furaha akaisogeza sahani yake pembeni. Halafu akasema, "I thought you didn't want me any more." Alidhani hatumtaki tena. Msimu mzima alikuwa amebeba hilo, ndiyo maana hata hakubishana.

Nikamuuliza, "Na tungekuuliza ungesema nini?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. "I would have said yes!"

Kumbe chuo chake kiko upande wa Harrow. Alikuwa anachoka na safari, na tangu kiangazi alikuwa anatafuta namna ya kutuambia anataka kuhama. Aliogopa kutuumiza.

Nilikaa chini. Mama yake akanipa maji, akaniambia, "Baba Salma, kunywa." Kisha akaenda kumjazia mtoto wake pilau.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Uamuzi unaweza kuwa sahihi na bado ukamuumiza mtu bure, kwa sababu hukumpa nafasi ya kuwemo. Wale tunaowapenda tunadhani tunawajua mpaka tunawajibia. Tuwaulize.

Msimu huu Harrow wamepata mshambuliaji mwingine, nasi tukafikiria kumrudisha Furaha. Safari hii nilimwandikia yeye kwanza, kabla ya kocha yeyote. Akajibu ndani ya dakika moja:

"Asante kwa kuuliza, uncle. Hapana 😂"

Mzee Harbans anasisitiza tulikuwa sahihi, tulikosea njia tu. Mama Furaha anasema ukikosea njia umekosea vyote. Mimi nipo katikati, nabeba koni.

Nyie mnaonaje? Semeni bila kunionea huruma, nasoma zote nikiwa break.