Kanda Zilizopelekwa Mbwajumali

Harufu inayonirudisha kwanza ni ya karafuu. Si karafuu ya pilau wala ya dawa ya jino, bali ile iliyokaa miaka ndani ya makopo ya biskuti pamoja na kanda za kaseti, ikachanganyika na mafuta ya cherehani na ule ukungu mweupe unaoota juu ya kila kitu katika nyumba za Langoni, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako na jua huingia kwa kubahatisha. Baba yangu alikuwa fundi wa cherehani na redio. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi mpaka Alasiri, na baada ya sala kilikuwa cha muziki. Aliamini karafuu huzuia ukungu usizile kanda, na kila zilipoisha makali mimi nilizitoa nikatia mpya. Zile kuukuu nilizitafuna. Zilikuwa na ladha ya vumbi na chuma, na hadi leo nikiuma karafuu ndani ya wali nasikia kama kuna wimbo unataka kuanza.

Kanda zenyewe zilikuwa za taarabu ya zamani, ile ya okestra kubwa: fidla zimepangwa safu, kanuni ya nyuzi nyingi, udi, nai, akodioni, na dumbaki nyuma ikishika mwendo. Wimbo mmoja baba aliweza kuwa nao kwa sura nyingi. Kulikuwa na ule uliopigwa na watu wa Unguja ndani ya studio, safi kama shuka ya Ijumaa. Kulikuwa na uleule uliopigwa na watu wa Mombasa harusini, vigelegele vikimfunika mwimbaji. Kisha ule wa kundi la hapa kwetu Lamu, na punda akilia katikati ya ubeti wa pili. Baba na rafiki zake wawili waliketi mkekani wakasikiliza sura zote moja baada ya nyingine, kisha wakaupima: nani ameingiza fidla mapema, kanuni ya wapi inanong'ona na ya wapi inabwata, mwimbaji gani anaimba maneno na yupi anayameza. Bwana Shee aliuza barafu sokoni na vidole vyake vilikuwa baridi hata akishika kikombe cha kahawa. Bwana Fumo alidarizi kofia, na sindano yake haikusimama ila pale mpigaji alipokosea. Mimi niliketi kati yao na maoni yangu mengi, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa pekee na hakuna aliyeona sababu ya kunifukuza.

Mtaani baba aliitwa Mizani. Watu walitoka Siyu na Faza na kanda zao mfukoni, wamwombe awaambie ipi ni asili na ipi ni nakala ya nakala, naye aliwaambia kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Na pale chumbani palikuwa na adabu moja isiyovunjwa: wimbo ukiisha, hakuna kufungua mdomo kabla Mizani hajasema. Akishasema, ruhusa kuongeza na kutania, lakini kupinga hakukuwepo. Siku moja Bwana Fumo aliguna kuwa okestra ya Unguja yaburura kama watu waliolewa. "Unguja hawakulewa," baba alimjibu, "ni betri hizi zimechoka, kama macho yako wewe. Hebu itazame kofia hiyo, ua moja laenda kibla na jengine laenda Shela." Bwana Shee alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na sikuona kuwa siku moja kitu chochote humo ndani kingeweza kutisha.

Jambo lilianza dogo. Baba alisikiliza kanda moja aliyoipenda, akaitoa, akaipuliza, akairudisha, kisha akasema, "Fidla imeliwa. Imekufa hii." Hakuna aliyeshangaa, maana katika visiwa vyetu kanda hufa kama vinavyokufa vitasa na bawaba, kwa chumvi na unyevu. Kanda ikishakufa haikutupwa. Alipelekewa Shangazi Mwanamkuu, dada yake baba, aliyekuwa akilima mtama Mbwajumali, kisiwa cha pili. Yeye aliutoa ule utepe wa kahawia akaufunga kutoka mti hadi mti juu ya shamba, ukimeta na kuvuma kwa upepo, ndege wakaogopa kutua. Lakini mwaka ule kanda zilikufa kwa mfululizo. Leo moja, kesho kutwa mbili. Baba alisafisha kichwa cha mashine kwa spiriti, akabadilisha mkanda wa ndani, akailaumu karafuu, akamlaumu muuza karafuu. Kopo moja likabaki tupu, kisha la pili. Bwana Shee na Bwana Fumo waliinamisha vichwa kila mara. "Kweli, Mizani. Imekufa." Mimi nilizisikia fidla, lakini nilidhani sijui bado kusikiliza, kwamba kuna fidla nyingine ya ndani zaidi ambayo watu wazima wanaisikia na ambayo kweli imeliwa.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yamejaa nyumbani kwetu. Birika lilipiga mluzi jikoni hadi likakauka, na baba ameketi hatua chache tu kutoka pale. Mama alimwita, naye akageuka upande mwingine. Siku moja alimkemea: "Una nini wewe? Mbona wanong'ona kama mwizi?" Mama, ambaye sauti yake ilifika hadi mtaa wa pili, alisimama na mwiko mkononi akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Tangu siku ile nikawa namuona baba akitazama midomo ya watu, kwa makini ambayo haikuwa yake.

Likizo ilipofika nilipelekwa Mbwajumali. Shamba la shangazi lilikuwa likivuma kama mzinga wa nyuki. Nilisimama chini ya zile tepe nikajua kuwa juu ya kichwa changu zinapita okestra za Unguja na Mombasa, zote zimefungwa pamoja, na mwili ukanisisimka. Sikuweza kutulia. Niliufungua utepe mmoja, nikaupangusa kwa kanga, nikauzungusha kwa penseli ndani ya ganda tupu la kaseti, na shangazi akanipa redio yake. Kwanza kulikuwa na mkwaruzo. Kisha zikaja fidla, zote, safu nzima, nyembamba na kali kama ncha ya mwiba wa samaki. Kanda iliyopigwa na jua na kutiwa kinyesi na ndege, na bado ilikuwa hai.

"Hii ndiyo Mizani asema imekufa?" shangazi aliuliza. "Ndiposa ndege hawaiogopi siku hizi, waja kusikiliza." Alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Babu yako alianza vivi hivi," akasema. "Alianza kwa kugombana na muadhini. Asema amekuwa mvivu, hainui sauti. Tukamuitikia: kweli baba, muadhini mvivu. Mashikio yalikuwa yakimpotea, na sisi tukishika adabu." Aliniambia nisimwambie mtu. Usiku na mchana wa siku zilizobaki niliusikia ule mvumo wa shambani, na haukuwa tena sauti ya kufukuza ndege.

Niliporudi Langoni lilibaki kopo moja, na ndani yake kanda ambayo hata mimi sikuruhusiwa kuigusa. Ilikuwa harusi ya hapohapo mtaani, kabla sijazaliwa, na katika okestra ile baba mwenyewe ndiye aliyepiga fidla ya mbele. Aliacha baadaye, baada ya kidole chake kukatwa na gurudumu la cherehani, na hakuna mahali pengine duniani ambapo upigaji wake ulihifadhiwa, ila nakala ya Bwana Shee, iliyorekodiwa na mtu mwingine kutoka upande wa pili wa hema. Alasiri ile walikubaliana kuzipima zote mbili. Baba alitia ya kwake. Alifumba macho, akainamisha kichwa, na nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vikitembea juu ya goti vikitafuta nyuzi. Wimbo ulikwisha. Akatia ya Bwana Shee. Ule wa pili nao ulipokwisha aligonga ubavu wa mashine kwa kiganja, uso umemkauka.

"Zimekufa zote mbili," akasema. "Fidla haimo. Mpelekeeni dadangu."

Bwana Shee alitazama kikombe chake. "Kweli, Mizani," akasema. Bwana Fumo alivuta uzi, naye sauti yake ilikuwa ndogo: "Imeliwa." Na hapo, nikiwatazama, nikaelewa kuwa wao walikuwa wakisikia. Walisikia siku zote. Walijua tangu kanda ya kwanza, wakaitikia, wakaziacha zikaenda shambani moja moja, kwa kuwa kumwambia Mizani kuwa mizani yake imeharibika ni kumvua nguo mbele ya watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini pale walioficha hawakuwa wagonjwa.

"Fidla imo, baba," nikasema.

Hakunisikia, au alisikia sauti bila maneno. Nikairudisha kanda mwanzo, nikaiachia ipige, nikamshika uso kwa mikono miwili kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa mdogo sana, nikaimba. Sikuimba maneno ya mwimbaji. Niliimba njia ya fidla, pale inapopanda peke yake, inapotetemeka, inaporudi chini kumpokea mwimbaji. Alitazama mdomo wangu. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kutembea tena, na safari hii vilikwenda sawasawa na mimi. Aliijua njia ile, aliitengeneza yeye. Kisha akatazama mashine, iliyokuwa ikizunguka, akawatazama rafiki zake mmoja mmoja. "Nyinyi mwaisikia?" akauliza. Bwana Shee alilia. Baba hakulia. Alizima mashine, akalifunga lile kopo, akasema, "Zilizokwenda Mbwajumali zilikuwa ngapi?"

Wageni wa kutoka Siyu waliendelea kuja kwa muda, na mama akawaambia mlangoni kuwa Mizani hapimi tena. Mimi niliacha shule mwaka uliofuata. Watu walisema ni kwa ajili yake, lakini ukweli ni kwamba miguu yangu haikutaka kukaa. Nimesuka mikeka Kipungani, nimepika katika hoteli za Malindi, nimeuza nguo Tanga, na kila nilipofika niliuliza nani ana kanda za zamani. Siku hizi hakuna haja ya kuuliza. Zote zimo ndani ya simu, zimesafishwa, hazioti ukungu, na katika kundi letu la mtandaoni watu wa Lamu, Dubai na Maskati wanazipima mchana kutwa. Ni watu wasio na adabu hata kidogo. Ukikosea wanakuita kiziwi, na mimi nawapenda kwa hilo. Nimeufikia umri aliokuwa nao baba mwaka ule. Juzi niliandika kuwa katika nakala moja fidla zimefifia, nikakaa na simu mkononi nikisubiri matusi. Wakajibu mmoja baada ya mwingine: kweli dada, kweli kabisa. Nimezisoma zile kweli tena na tena, na sijaweza kuamua kama wanakubaliana nami au wamenihurumia.