Fungate kwa Shangazi

Mume wangu ni mtu wa ahadi. Siku ya arusi yetu aliahidi kunipenda, kunitunza, na kunipeleka Nairobi kwa fungate mara tu mvua ikiisha. Mvua hiyo ilinyesha miaka kumi na miwili. Kwetu juu kule Nyandarua mvua haina haya, sikatai, lakini hata Nuhu alishuka mapema kuliko hapo.

Kwa hivyo Agosti moja, shule zikiwa zimefungwa, nilimwambia mwalimu wangu (mume wangu ni mwalimu, shuleni na nyumbani pia) kwamba watoto wanne wanaenda kwa nyanya yao, duka langu litafungwa siku tatu, na mimi naenda Nairobi. Akitaka kuandamana nami, karibu sana. Alikuna kichwa. Akasema basi atapanga kila kitu mwenyewe: chumba katikati ya mji, maji ya moto, kioo cha kujitazama mzima mzima. Miaka hiyo simu za mkononi zilikuwa zimeanza kutufikia hata sisi wakulima wa viazi, na wiki nzima nilimwona akipanda kilimani kutafuta mtandao. Nikajiambia, kumbe nina bwana!

Sikutaka makubwa. Nalisema hili wazi kwa sababu watu wa mume wangu hadi leo husema nilitaka kujionyesha. Nilitaka siku tatu na mtu niliyeolewa naye. Tupande lifti mpaka juu ya lile jengo refu la mviringo, tule kuku na chipsi bila mtoto kunyakua paja, tulale mpaka jua lichoke kutungoja. Basi.

Tukashuka mjini saa nne asubuhi, mimi na koti langu jekundu la kanisani, na ni nani amesimama pale stendi na mwavuli? Shangazi ya mume wangu, nesi mstaafu, mjane, mkazi wa mtaa wa Jamhuri.

"Ai! Shangazi!" mume wangu akapaza sauti, mikono juu. "Umejuaje tunakuja?"

"Nilikuwa tu napita," akasema shangazi.

Anapita tu. Mama wa miaka sitini na ushei, magoti yote mawili yamemkataa, anapita tu mahali magari ya kwetu, ya Nyahururu, yanaposhusha watu, mbali na kwake, siku hiyo, saa hiyo. Nikajua kuna mdomo wa kijijini umempasha habari, na nikaulaani mdomo huo kwa jina la kila jirani niliyemkumbuka.

"Asante sana, shangazi, lakini tumepata chumba hapa karibu," nikasema, na adabu zangu zote.

Sasa, kwetu kuna mambo hayafanywi. Mtu mwenye jamaa Nairobi halali lojing. Ukiiba ng'ombe utasamehewa, wazee watakaa, mtakunywa chai yaishe. Lakini ukilipia kitanda huku shangazi yako yuko hai na ana godoro, umewatangazia watu wote kwamba hana maana. Shangazi alishika kifua. "Lojing? Na mimi sijakufa?" Mume wangu akanitazama kwa masikitiko makubwa, akainua mkoba wetu, akaufuata mwavuli.

Nairobi niliiona, msiseme sikuiona. Niliiona kwa dirisha la matatu, shangazi akininyooshea kidole: jengo lako ndilo lile, bustani ndiyo hii, sasa ficha hiyo saa yako wasikupokonye. Ilichukua robo saa hivi. Halafu tukafika Jamhuri, mlango ukafungwa, chai ikaletwa.

Nyumba ya shangazi ilikuwa safi, na ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Mipango ilitolewa kabla sijavua koti. Mwanamume atalala kwa kochi sebuleni, apate kutazama habari. Mimi nitalala na shangazi, "tuongee mambo ya wanawake." Ndivyo nilivyoanza fungate yangu kitanda kimoja na nesi mstaafu, shuka zimekunjwa pembe kama za wodi, nikifundishwa namna ya kukanda magoti. Magoti yangu yalikuwa mazima, lakini asante.

Siku ya pili ilikuwa ya jamaa wengine, maana huwezi kulala kwa mmoja ukawapita wengine kama huwajui. Tulianza Kileleshwa kwa binamu ya mume wangu, mtu wa benki. Alikaa ghorofa ya nne. Mimi niliyetaka lifti nikapewa ngazi. Tukavua viatu mlangoni, tukakaa, tukapewa albamu. Nairobi mgeni hupewa albamu ili asione vile chakula kinachelewa. Nilizitazama picha zote za arusi yao, na mwisho wa albamu nikakuta fungate: Mombasa, wiki nzima, wawili peke yao, miwani ya jua.

"Na nyinyi mlienda wapi?" mke wake akaniuliza.

"Sisi ndio tuko huko sasa," nikamjibu.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Alidhani ni mzaha.

Kutoka hapo tukapelekwa Waithaka kwa baba mkubwa ya mume wangu, mwenye vyumba vya mabati vya kupangisha. Kukataa chakula ni matusi, kwa hivyo mukimo wa Waithaka ulikalia wali wa Kileleshwa. Halafu baba mkubwa akatuonyesha vyumba. Vyote. Alibisha kila mlango, akamtoa mpangaji na sabuni zake mkononi, akatuingiza. "Hiki ni kama kile kingine," alisema kwa kila chumba, na kwa kweli hakudanganya hata mara moja. Baadaye tukaombewa. Aliomba Mungu azidishe mapenzi kati yetu, na mimi nikaitikia amina nikitazama mgongo wa mume wangu, aliyekaa kule kwa wanaume.

Na mume wangu, wacheni niwaambie, alikuwa anang'aa! Kila nyumba aliongea. Siasa, bei ya maziwa, mishahara ya walimu, mambo ya majuu. Mtu ambaye nyumbani maneno yake ni "mm" na "lete chumvi" alikuwa amegeuka redio. Nilimwonea wivu baba mkubwa.

Asubuhi ya tatu, siku ya kurudi, nilikuwa jikoni na shangazi tukikaanga mandazi ya safari. Alikuwa na furaha.

"Huyu mtoto wetu ana heshima," akaniambia, akigeuza mandazi. "Wengine wanakuja Nairobi wanajificha huko kwa malojing. Yeye alinipigia simu wiki mbili kabla. Akaniambia, shangazi, ukuje utuchukue stage, hata usimwambie. Akasema mkiwa tu nyinyi wawili mtaboeka."

Mtaboeka. Neno hilo nililijua. Watoto wetu hulitumia nikiwalazimisha kukaa ibada ya pili. Nilichota mandazi kwenye mafuta, nikajichoma kidole, nikashukuru kupata sababu ya kutoa machozi.

Basi letu lilikuwa la saa nane. Shangazi alitaka kutusindikiza. Nikamkatalia. "Magoti," nikasema. Mume wangu akaanza, "Lakini shangazi anaweza..." "Magoti," nikarudia, na akainua mkoba. Tulipofika mjini nilimwingiza kwenye mkahawa mtaa wa pili kutoka stendi, nikaagiza kuku na chipsi, nikaweka mikono juu ya meza.

"Tutaboeka," nikamwambia.

Hakujifanya hajui. Angalau hilo.

"Ilikuwa tu njia ya kusema."

"Miaka kumi na miwili, mwalimu! Umenizungusha nyumba tatu ili usikae na mimi hata saa moja. Kwani nanuka?"

Watu wa meza ya pili walianza kutafuna polepole wasikose neno. Mume wangu alizungusha kikombe chake.

"Niliogopa," akasema. "Tukiondoa watoto na duka, sisi tuna nini? Nilifikiria tumekaa kwa hicho chumba, saa tatu asubuhi, chai imeisha. Nitakuambia nini? Utaniangalia tu, ujue uliolewa na mtu hana kitu." Kisha akainua macho. "Na wewe? Ulikuwa umebeba maneno gani ya kuniambia?"

Mimi huwa na jibu. Muulizeni mtu yeyote. Nikafungua mdomo, nikakuta karo, paa la jikoni, ng'ombe anayetunyima maziwa. Nikachimba chini ya hayo. Hakukuwa na kitu. Nikaona aibu hata kuku akanishinda.

"Nilifurahi," nikamwambia. "Siku ile, nilipomwona shangazi pale stendi. Kitu cha kwanza kabisa, nilifurahi. Kisha nikakasirika haraka, usije ukaona."

Hakucheka. Nje, utingo wa basi letu alianza kuita watu wa Nyahururu, sauti ikatufikia mpaka mezani. Aliita kwa muda mrefu.

"Basi linaondoka," mume wangu akasema.

"Najua."

Tukakaa pale tukitazamana, chakula kikipoa, na hakuna aliyekuwa na la kusema, na hakuna aliyeinuka.