Rafiki Yangu Alisoma Shairi Langu, Sasa Amemchukua na Mama Yangu

Admin, nakuomba ufiche jina langu vizuri. Juba ni ndogo, na wengi ninaowataja hapa wanafuata ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na sita. Nilizaliwa Eldoret, nikasoma huko mpaka chuo, na miaka mitatu iliyopita nikarudi Juba na Mama. Nasema nikarudi, ingawa kabla ya hapo sikuwahi kuiona. Tunaishi mtaa wa Sherikat. Mimi ni mtu wa ndani, na mengi ya moyoni nayaandika tu kwenye daftari.

Anayeandika mashairi hapa hana pa kuyapeleka. Sisi tulikuwa na darasa moja la shule, ambalo mwalimu mmoja alitufungulia kila Jumamosi. Watu tisa, magoti yamekwama kwenye madawati ya watoto. Tulikuwa na kanuni moja, na niliileta mimi: shairi lako hulisomi mwenyewe, analisoma mwenzako, na jina la mwandishi halitajwi mpaka mwandishi mwenyewe ainue mkono. Nilisema inatusaidia kusikia makosa yetu. Ukweli ni kwamba niliogopa kusimama. Kiarabu changu cha Juba kinawachekesha watu, na nikifungua mdomo tu nasikia, "Haya, Kenya imeongea."

Yangu alikuwa akiyasoma rafiki yangu, nitamwita Keji. Naye alilelewa Kenya, lakini ana sauti ya kunyamazisha soko. Nilimpenda kama dada. Nilikuwa nikisikia mashairi yangu kinywani mwake, naona kweli yana thamani.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Nairobi. Alikuwa anatafuta mwandishi mmoja wa Juba wa kwenda kwenye mafunzo ya wiki tatu, kisha mashairi yake yachapishwe kitabuni. Kwetu hicho ni kitu cha mara moja maishani. Siku hiyo Keji alisoma shairi langu kuhusu Mama. Mama hajawahi kutoa nguo zake kwenye magunia tuliyokuja nayo. Anavaa, anafua, anakunja, anarudisha guniani na kufunga kamba. Nilimnunulia kabati, akaweka unga.

Hakuna aliyekumbuka kumweleza mgeni kanuni yetu. Keji alipomaliza, yule mama alikuwa anafuta macho. Akamuuliza, "Binti, huyu mama wa magunia bado yupo?"

Keji akaikunja karatasi. Kisha akasema, "Yupo. Ni mama yangu. Anaishi Sherikat."

Mama yake Keji ana nyumba ya matofali na makabati mawili. Wenzangu wakageuka kunitazama, wakingoja niinue mkono. Mwalimu pia alinitazama. Mimi nikatazama dawati. Nilijiambia Keji atasahihisha mwenyewe. Nilingoja mpaka mgeni akaandika jina la Keji, akafunga mkoba, akaondoka.

Nilimfuata Keji nje. "Ulisema mama yako."

"Dada, ningesemaje mbele ya watu? Aliniuliza mimi."

"Ungesema si langu."

"Halafu? Angekuita wewe, ungeongea? Wewe hata msibani unamtuma mtu akupelekee pole." Akacheka, akanishika mkono kama kawaida. "Wanataka mashairi mengine matano. Wewe utaandika, mimi nitasoma. Si ndivyo tumekuwa tukifanya?"

Nilienda kwa mwalimu. Huyu anaujua mwandiko wangu, karatasi zetu zote anazitunza yeye. Alinisikiliza, akavua miwani. "Malesh, pole, binti yangu. Lakini nafasi hii ni ya Juba, si ya mtu. Tukianza kuvutana, Nairobi watasema hawa hawajui hata nani kaandika nini, na hawatakuja tena. Hao wengine saba wamekukosea nini?"

Hao saba hawajanikosea. Mmoja wao huacha kibanda chake cha kuuza chaja kila Jumamosi ili aje asome. Lakini pia hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Ningeweza kumeza hayo yote. Ila Jumanne Keji alikuja nyumbani. Waandaaji walimwomba picha, ya kuweka kitabuni. Mama anampenda sana, akamchemshia chai, akampa kiti kizuri. Keji akaomba apige picha magunia. Mama akauliza, "Ya nini, mwanangu?"

"Ya kumbukumbu tu, Mama."

Mama akacheka, akasogea pembeni ili mwanga uingie. Hata akanyoosha kamba ya gunia moja ikae vizuri. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe mkononi, kimya, kama siku ile darasani. Keji alipokuwa anatoka alininong'oneza, "Usisahau yale matano."

Sijayaandika. Tangu siku hiyo siwezi kuandika hata mstari.

Jina linathibitishwa Ijumaa hii. Namba ya yule mama wa Nairobi ninayo, aliiandika ubaoni. Nimemwandikia ujumbe mara nne, nikaufuta mara nne. Nikiutuma, huenda Juba ikakosa nafasi, darasa letu likavunjika, na mimi nikawa yule wa Kenya aliyekuja kuharibu. Nisipoutuma, mama yangu ataingia kitabuni akiwa mama wa mtu mwingine.

Na kuna jambo sijamwambia yeyote. Mama hajui kwamba nilimwandika. Sikumwomba ruhusa. Nilichukua magunia yake nikayapeleka mbele ya watu, kabla Keji hajayachukua kwangu.

Ndugu zangu, nishaurini bila kunionea huruma. Ninyamaze, au niseme? Na kama ni kusema, nianze na nani: yule mgeni, au mama yangu?